Fuko Kiwanjani: Namna ya Kumdhibiti Bila Sumu na Bila Ugomvi

Majani ya viazi vitamu yanaweza kumdanganya mkulima. Huendelea kutambaa juu ya tuta yakiwa ya kijani, ilhali viazi vilivyo chini vimekwisha kuliwa. Siku ya kuvuna, jembe huinua maganda, mizizi mitupu na njia laini ya udongo inayoelekea kwa jirani. Mhusika hajaonekana hata mara moja msimu mzima. Ni fuko.

Sombetini ni kata ya mjini, yenye nyumba zilizokaribiana na viwanja visivyo vikubwa. Hata hivyo, kama ilivyo katika maeneo mengi ya chini ya Mlima Meru, nyuma ya nyumba hukosekana mara chache kipande cha ardhi chenye migomba ya mshare, mchicha, maharage, mparachichi mchanga au majani ya tembo kwa ajili ya ng'ombe anayefugwa ndani. Kwa kaya ya namna hiyo, bustani ni mboga ya jioni na mkungu wa kuuza pale ada ya shule inapodaiwa. Fuko mmoja anaweza kuipoteza akiba hiyo bila kelele yoyote.

Makala haya yanaeleza fuko ni mnyama gani, namna ya kutambua kuwa yumo kiwanjani, namna ya kumtega, namna ya kumzuia asirudi, na kwa nini sumu ni njia ya kuepukwa katika makazi ya watu. Msingi wa maelezo yote ni jambo moja ambalo wengi hawalifahamu: fuko mzima huishi peke yake katika shimo lake. Bustani iliyojaa marundo ya udongo huonekana kana kwamba imevamiwa na kundi, lakini mara nyingi kazi yote hiyo ni ya mnyama mmoja au wawili. Anayelielewa hilo hatafuta silaha ya kuangamiza jeshi. Atatafuta shimo moja na mtego mmoja.

Fuko ni mnyama gani

Fuko wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambaye wanasayansi humwita Tachyoryctes, ni mgugunaji, kundi moja na panya. Uzito wa mkubwa hukaribia robo kilo. Ana mwili mnene, manyoya laini, mkia mfupi, masikio yaliyofichika ndani ya manyoya na macho madogo sana. Ana meno manne makubwa ya mbele, mawili juu na mawili chini, yenye rangi ya machungwa, ambayo hubaki nje hata midomo inapofungwa. Kwa sababu hiyo anaweza kuchimba kwa meno bila udongo kumwingia kinywani.

Huanza kwa kuuma udongo, kisha huusogeza nyuma kwa miguu. Baadaye hugeuka na kuusukuma kwa ubavu wa kichwa hadi juu ya ardhi, ambako unaonekana kama kilima kidogo. Njia zake za kutafutia chakula hazina kina kirefu, kwa kuwa anafuata mizizi. Kiota chake kiko chini zaidi, na humo ndimo anapolala, anapohifadhi akiba ya chakula na anapotupa uchafu wake.

Chakula cha fuko ni kile kinachokua chini ya ardhi: mizizi, viazi vitamu, viazi mviringo, mizizi ya maharage, mizizi ya nyasi na ya majani ya tembo, vichipukizi vya migomba, pamoja na mizizi ya miche ya kahawa na ya matunda. Mara nyingine huushika mche kutoka chini na kuuvuta mzima hadi ndani ya njia yake. Ndiyo maana mkazi anaweza kuhesabu miche 12 ya maharage jioni na kukuta 9 asubuhi, bila unyayo wala jani lililokatwa.

Fuko wazima huonana wakati wa kujamiiana, kisha kila mmoja hurudi katika makazi yake. Jike huzaa watoto wachache, mmoja hadi wanne, na wakishakua huondoka kwenda kutafuta ardhi yao. Watafiti wamerekodi fuko wa Tanzania wakigonga kichwa kwenye dari ya njia zao, mtikisiko unaosafiri ardhini na kuwafikia wenzao. Fuko akimkuta mwingine ndani ya shimo lake humpiga vita. Tabia hii ya upweke ndiyo udhaifu ambao mtegaji huutumia.

Si haki kumweleza fuko kwa ubaya peke yake. Kwa kuchimba, hugeuza udongo, huingiza hewa na huzamisha majani yanayooza. Katika milima ya Bale nchini Ethiopia, fuko mkubwa wa jamii hiyohiyo ndiye chakula kikuu cha mbwamwitu wa Ethiopia, mnyama aliye adimu duniani. Hapa kwetu huliwa na bundi, nyoka na nguchiro. Aliye porini au kwenye ardhi isiyolimwa hana kosa na hana sababu ya kufuatwa. Tatizo huanza pale anapoingia katika bustani ya kaya, chini ya ukuta au katika kingo za mfereji.

Dalili za kuwa yumo

Dalili ya kwanza ni vilima vidogo vya udongo uliolegea, visivyo na tundu la wazi. Hapo ndipo fuko hutofautiana na panya buku, ambaye hutoka nje usiku kutafuta chakula na huacha mlango wa shimo lake wazi. Fuko huziba mlango wake kwa udongo kila amalizapo kazi. Hapendi mwanga wala upepo ndani ya njia yake.

Dalili ya pili ni mimea inayonyauka ghafla ilhali ardhi ina unyevu. Mche wa mgomba au wa parachichi ukivutwa kwa mkono na kutoka bila upinzani, na mizizi yake ikaonekana imekatwa, fuko amepita. Dalili ya tatu ni ardhi inayotitia chini ya mguu kwa mstari, hasa baada ya mvua.

Kuwapo kwa vilima hakutoshi kuthibitisha kwamba fuko bado yupo, kwa sababu vilima vya zamani hubaki muda mrefu baada ya mwenyewe kuhama. Kipimo rahisi ni hiki: chagua rundo lenye udongo mbichi na mweusi, tafuta njia iliyo karibu kwa kuchokonoa ardhi na kijiti, kisha ifungue kwa jembe na uiache wazi. Rudi baada ya saa chache au asubuhi inayofuata. Iwapo tundu limezibwa kwa udongo mpya, fuko yupo na anaitumia njia hiyo. Iwapo limebaki wazi, usipoteze muda hapo.

Fuko huchimba zaidi mvua zinapolainisha ardhi. Kwa Arusha, maana yake ni msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuelekea mwisho wa mwaka. Mkazi anayekagua kiwanja chake mwanzoni mwa mvua, mara vilima vya kwanza vinapojitokeza, hukutana na tatizo likiwa bado dogo.

Kwa nini sumu si suluhisho

Mwenye hasara hutafuta njia ya haraka, na sumu ya panya hupatikana kwa urahisi mno. Nyingine huuzwa mitaani kwa vipimo vidogo, katika karatasi au chupa isiyo na lebo, na mnunuzi haelezwi imetengenezwa kwa kitu gani. Katika viwanja vya mjini, ambako watoto, kuku, mbwa na paka hupita ua hadi ua, njia hiyo hudhuru zaidi ya inavyosaidia.

Kwanza, sumu haimfikii fuko kwa uhakika. Hali punje zilizomwagwa juu ya ardhi, na chambo kinachotumbukizwa katika njia yake anaweza kukisukuma nje pamoja na udongo. Chambo kilichowekwa chini Jumatatu kinaweza kuwa juu ya kilima Jumanne, mahali kuku wanapochakura.

Pili, baadhi ya sumu hizo huua kwa gesi. Zinki fosfaidi, ambayo ni unga wa rangi ya kijivu iliyoiva, ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa mwilini, na hospitali huweza tu kumsaidia mgonjwa kupambana nayo. Vidonge vya kufukizia nafaka ghalani, vyenye aluminiamu fosfaidi, hutoa gesi hiyohiyo vinapokutana na unyevu. Wapo wanaoshawishika kuvitumbukiza katika shimo la fuko. Katika kiwanja ambacho chumba cha kulala kiko hatua chache kutoka bustanini, gesi inaweza kupita katika njia za fuko na nyufa za ardhi hadi chini ya sakafu na kuingia ndani watu wakiwa wamelala. Vidonge hivyo havipaswi kabisa kutumika karibu na nyumba.

Tatu, zipo sumu zinazozuia damu kuganda, ambazo huua taratibu kwa siku kadhaa. Mnyama aliyeila hutembea akiwa dhaifu na huwa windo jepesi. Bundi, paka au mbwa akimla, hupata sumu hiyohiyo. Bundi huogopwa na wengi na hutajwa kuwa ndege wa mikosi, lakini kazi yake ya kila usiku ni kukamata panya na jamaa zao. Anayemuua bundi kwa sumu huwaongezea panya na fuko usalama.

Iwapo mtu amekula au kunusa sumu ya panya, apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu, pamoja na pakiti au mabaki ya sumu ili mganga ajue anachotibu. Asilazimishwe kutapika. Maziwa si tiba ya sumu hii, na muda unaotumika kuyatafuta ni muda unaopotea. Ushauri wa afya hupatikana pia kwa kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo.

Njia nyingine za haraka nazo zina madhara yake. Kumwaga petroli shimoni na kuiwasha kumesababisha moto mahali ambapo hapakuwa na moto. Kujaza maji hadi fuko atoke hupoteza ndoo nyingi, na mara nyingi fuko husogea upande ulio juu huku maji yakilegeza udongo chini ya ukuta au choo. Mwenye nyumba hubaki na fuko yuleyule na ufa mpya.

Kutega, hatua kwa hatua

Njia iliyothibitika kwa vizazi katika nyanda za juu za Tanzania na Kenya ni mtego wa kitanzi unaofyatuka. Vifaa vyake hupatikana nyumbani: ufito mbichi unaopindika bila kuvunjika, waya mwembamba au kamba imara, kamba nyembamba ya kufyatulia, na jembe. Mtego hutumia tabia ya fuko ya kutovumilia tundu lililo wazi.

Hatua ya kwanza ni kuipata njia inayotumika kwa kipimo kilichoelezwa hapo juu. Njia ikifunguliwa, huonekana matundu mawili yanayotazamana. Lile lililozibwa kwa udongo mpya ndilo linaloelekea aliko fuko. Likizibwa yote mawili kwa nyakati tofauti, weka mtego kila upande.

Hatua ya pili ni kusafisha mdomo wa tundu hilo na kuweka kitanzi ndani yake, kikilingana na mzunguko wa njia ili kisimguse fuko kabla ya wakati. Kitanzi hufungwa kwenye ncha ya ufito, ambao upande wake wa pili umechomekwa imara ardhini na kupindwa juu ya tundu.

Hatua ya tatu ni kuuzuia ufito usinyooke kwa kamba nyembamba inayopita katikati ya njia, mbele ya kitanzi. Fuko anapokuja kuziba tundu, husukuma udongo mbele yake. Udongo au meno yake huigusa kamba hiyo, ufito hufyatuka na kitanzi hukaza.

Hatua ya nne ni kuacha tundu wazi, kwa kuwa mwanga na upepo unaoingia ndio chambo chenyewe. Kipande cha kiazi kitamu au shina la majani ya tembo linaweza kuongezwa, lakini si lazima. Mwenye shaka juu ya ufundi wake anaweza kutumia mtego wa chuma unaobana, akauweka ndani ya njia na kuufunga kwa waya kwenye kigingi ili usiburutwe.

Hatua ya tano, ambayo husahaulika, ni kuukagua mtego mara kwa mara, angalau asubuhi, mchana na jioni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Kumwacha mnyama akining'inia akiwa hai tangu asubuhi hadi siku ya pili hakuna faida kwa bustani na hakufai mbele ya watoto wa nyumba. Mitego iwekewe alama, na watoto waelezwe wasiiguse.

Fuko asishikwe kwa mikono mitupu, kwa kuwa meno yake huuma vibaya. Aidha, panya na jamaa zao kwa ujumla wanaweza kubeba viroboto na vimelea vya magonjwa. Tanzania imewahi kupambana na tauni kwa miaka mingi wilayani Lushoto, na Julai 2022 Wizara ya Afya ilithibitisha mlipuko wa homa ya mgunda wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ugonjwa unaohusishwa na mkojo wa wanyama wakiwemo panya. Hatari hizo hupungua kwa tahadhari ndogo: kuvaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, kufukia mzoga katika shimo la kina ambalo mbwa hawezi kulifukua, na kunawa kwa sabuni.

Asiyeweza kutega mwenyewe anaweza kumwajiri mtega fuko mzoefu. Ni vyema makubaliano yafanyike kabla ya kazi, na malipo yawe kwa kila fuko aliyekamatwa na kuonyeshwa, kwa sababu mtegaji anayelipwa kwa siku hana haraka. Makubaliano hayo yaseme wazi kwamba sumu haitatumika.

Akiondoka mmoja, mwingine asirithi

Kukamata fuko ni nusu ya kazi. Shimo lililobaki tupu ni nyumba isiyo na mwenyewe, na fuko kijana anayetafuta ardhi ataifurahia. Mara baada ya mtego kufanikiwa, njia zote zinazoonekana zifukuliwe kwa jembe, zivunjwe na kushindiliwa kwa udongo. Kwa majuma mawili au matatu yanayofuata, mwenye kiwanja aangalie kama kuna kilima kipya. Kikionekana, kipimo cha tundu wazi kirudiwe.

Miche ya thamani inaweza kulindwa tangu siku ya kupandwa. Kabla ya kupanda parachichi, mgomba au kahawa, shimo hutandikwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, chini na pembeni, mithili ya kikapu. Mizizi midogo hupenya, lakini fuko hapiti. Ni gharama ya mara moja. Kwa miti ya matunda, miaka ya mwanzo ndiyo ya hatari, na wavu huupa mti nafasi ya kuimarika.

Kwa mboga, wavu huo unaweza kulazwa chini ya tuta lililoinuliwa kwa mbao au matofali. Kwa mwenye kiwanja kidogo, kilimo cha viroba, ndoo na matairi yaliyowekwa juu ya sakafu humwondoa fuko katika hesabu kabisa. Viazi visiachwe ardhini baada ya kuiva, na mabaki ya mavuno yaondolewe. Majani ya tembo yasipandwe kugusana na tuta la viazi, kwa kuwa mizizi yake humpa fuko chakula cha kungojea hadi viazi vinenepe.

Wapo wakulima wanaopanda utupa kuzunguka shamba wakiamini kwamba harufu na sumu ya mizizi yake humfukuza fuko. Matokeo yake hutofautiana, hivyo mtu asiutegemee pekee. Anayeupanda akumbuke kwamba utupa ni sumu kwa samaki. Majani na matawi yake yasitupwe katika mto wala mfereji.

Fuko hajui vigingi vya mipaka

Katika viwanja vilivyobanana, sehemu ngumu zaidi ya tatizo hili huwa ni binadamu. Chukua mfano wa mama mwenye migomba na viazi, anayepakana kwa ua wa michongoma na mzee mwenye kiwanja ambacho hakijalimwa kwa muda. Fuko ana kiota kwa mzee, kwenye nyasi, na chakula kwa mama. Mama akitega upande wake, hukamata mmoja, na baada ya muda hutokea mwingine. Huanza kuamini kwamba mzee anafuga fuko kwa makusudi. Mzee naye, aliyeona tu vijana wakichimba karibu na ua wake, huanza kuamini kwamba mpaka unasogezwa.

Mazungumzo ya mapema huzuia hali hiyo. Haitaki barua wala shahidi. "Shikamoo mzee. Fuko anapita chini ya ua wetu, naomba tufuatane tuone njia yake imetokea wapi." Watu wawili wakisimama pamoja juu ya vilima vya udongo, ukweli huonekana kwa macho: vilima hufuata mstari, na mstari huvuka ua. Hapo wanaweza kukubaliana kutega siku moja pande zote mbili, kufyeka nyasi kando ya mpaka na kugawana malipo ya mtegaji.

Mambo matatu yanapaswa kuheshimiwa. Mtu haingii katika kiwanja cha mwenzake kutega au kuchimba bila ruhusa, hata kama fuko ametokea huko. Jiwe au kigingi cha mpaka hakiguswi wala hakichimbuliwi kwa kisingizio cha kufuata njia ya fuko. Kama njia inapita chini yake, mtego uwekwe mbali nacho. Mwisho, mtego hauwekwi katika njia ya watu.

Mazungumzo yakishindikana, hatua inayofuata ni Mwenyekiti wa Mtaa na Afisa Mtendaji wa Mtaa, ambao wanaweza kufika na kuangalia hali ilivyo. Iwapo suala limekua na kuwa mgogoro wa mpaka, lipo Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi ya Baraza la Kata katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, si kutoa hukumu. Usuluhishi usipofikiwa ndani ya siku 30, mhusika anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Safari hiyo ina gharama na huchukua muda. Ni safari ndefu kwa ajili ya mnyama wa robo kilo.

Mifereji, mitaro na kuta

Fuko hachimbi katika bustani pekee. Kingo za udongo za mifereji ya umwagiliaji na mitaro ya maji ya mvua humpendeza, kwa kuwa ni laini na zimeota nyasi. Njia yake ikitoboa ukingo kutoka upande mmoja hadi wa pili, maji hupata upenyo. Mwanzoni huwa ni unyevu tu nje ya mtaro. Mvua kubwa inapokuja, maji hupanua tundu hilo na ukingo unaweza kukatika, yakaingia katika viwanja vya chini ambavyo wenyewe hawana habari ya fuko wala bustani.

Kwa mtaro au mfereji uliomo ndani ya kiwanja binafsi, ukaguzi na ukarabati ni wajibu wa mwenye kiwanja. Njia ya fuko katika ukingo haizibwi kwa kusukumia udongo mdomoni tu. Hufukuliwa yote, kisha hujazwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka kwa tabaka, huku ukishindiliwa. Kwa mtaro wa barabara ya mtaa, mkazi asichimbe mwenyewe. Atoe taarifa katika ofisi ya Mtaa au ya Kata ili ifikishwe kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Taarifa iliyotolewa wakati wa kiangazi ni rahisi kushughulikiwa kuliko ile inayotolewa maji yakiwa tayari mlangoni.

Kuta za uzio zilizojengwa juu ya msingi mfupi nazo zikaguliwe. Vilima vinavyojipanga kandokando ya ukuta ni dalili ya njia iliyo chini yake. Fuko atolewe kwanza, kisha udongo ushindiliwe kabla ya mvua.

Mahali pa kupata msaada

Afisa Ugani wa Kata ndiye mtu wa kwanza wa kuulizwa kuhusu uharibifu wa mazao. Mkazi anapokwenda kwake, ni vyema awe na maelezo yafuatayo: vilima vilianza kuonekana lini, viko wapi, mazao gani yameharibika, na iwapo kipimo cha tundu wazi kilifanyika. Picha ya simu inayoonyesha kilima na mmea ulioharibika husaidia kumtofautisha fuko na panya buku, mchwa au ugonjwa wa mizizi.

Kwa masuala ya viuatilifu, mamlaka husika ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020. Makao yake makuu yako Ngaramtoni, nje kidogo ya Jiji la Arusha. Mamlaka hiyo ndiyo inayosajili viuatilifu na kudhibiti biashara yake. Mkazi anayekutana na sumu isiyo na lebo ikiuzwa mtaani kwake anaweza kutoa taarifa huko au katika ofisi ya Kata. Kwa upande wa elimu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro kimekuwa kikifanya utafiti wa panya waharibifu kwa miongo kadhaa, na maafisa ugani hunufaika na utaalamu wake.

Mambo ya kukumbuka

Fuko mmoja, shimo moja: usihesabu vilima, tafuta njia inayotumika.

Fungua tundu kwanza, tega baadaye: mtego katika shimo tupu ni kazi bure.

Sumu isikanyage kiwanja chenye watoto, kuku na majirani.

Baada ya kukamata, vunja njia zote na ukague kwa majuma matatu.

Zungumza na jirani kabla ya kuchimba karibu na mpaka.

Mvua zijazo zitailainisha ardhi ya Sombetini kama zifanyavyo kila mwaka, na vilima vidogo vya udongo vitaonekana tena nyuma ya nyumba. Kaya inayoviona mapema, ikapima, ikatega na kumshirikisha jirani, itavuna viazi vyake. Na kuku wataendelea kuchakura bustanini bila mtu kuhofia walichookota.